Bima ya kazini imelipa upasuaji wa kujifungua, vijiti vya uzazi wa mpango imekataa. Wenzangu mmefanyaje?

fundi_wa_kola

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni fundi kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, mwaka wa tisa sasa, laini ya mashati. Kazi yangu ni kola tu. Shati likinifikia halina shingo, likiniacha linayo. Nina miaka 37 na watoto watatu: binti yuko kidato cha pili, mvulana yuko darasa la tatu, na kichanga wa miezi minne. Huyu wa mwisho alitoka kwa upasuaji. Presha ilipanda wiki ya 36, miguu ikavimba, macho yakaanza kuona vimulimuli, wakanikimbiza chumba cha upasuaji usiku uleule. Kadi ya bima ya kazini ililipa yote. Bili niliyotia sahihi siku ya kutoka ilisoma shilingi 1,420,000 na mimi sikutoa hata mia. Nashukuru, sina ubishi hapo.

Daktari aliyenishona alinikalisha chini kabla sijaruhusiwa. Akasema kwa mshono huu na presha hii nisibebe mimba nyingine kabla ya miaka miwili kuisha, na vidonge vya kawaida vya uzazi wa mpango nisiviguse kwa sababu vinapandisha presha. Akanishauri vijiti vya kuwekwa chini ya ngozi ya mkono, au kitanzi cha kuwekwa ndani ya mfuko wa uzazi. Nikachagua vijiti.

Wiki iliyopita nikaomba ruhusa kwa msimamizi, nikakatwa nusu siku, nikarudi hospitali ileile ya binafsi. Dada wa kaunta akaingiza kadi, akanyamaza, akanigeuzia kompyuta nisome mwenyewe. Huduma haimo kwenye mkataba. Nilipe taslimu 60,000. Nilikuwa na 12,000 kwenye pochi na hela ya kurudia nyumbani.

Nikapanda bodaboda hadi zahanati ya serikali, ambako najua ni bure. Nesi alinipokea vizuri kabisa, ila vijiti vilikuwa vimekwisha na kitanzi hakuna mtu wa zamu aliyefundishwa kukiweka. Ilikuwapo sindano. Sindano nilichoma baada ya mtoto wa pili, nikatoka matone ya damu karibu miezi miwili mfululizo, nikiwa nakaa juu ya kigoda cha cherehani saa tisa kwa siku. Sirudii.

Sasa nimekaa na hesabu hii na hainipi usingizi. Kadi moja, mwanamke mmoja, tumbo lilelile. Kulipasua inalipa 1,420,000. Kulipumzisha hailipi 60,000. Nani aliandika mkataba huo, na kuna mwanamke alikuwapo chumbani wakati unaandikwa?

Jambo la pili linaungana na hilo. Jumapili shemeji yangu alikuja kumwona mtoto, nikamweleza. Akasema mambo hayo ni ya faragha, mwajiri hayamhusu, na nikome kuyazungumza binti akisikia. Binti alikuwa anasikia. Jioni akanifuata jikoni akaniuliza, "Mama, vijiti ni nini?" Huyu mtoto ana A ya baiolojia. Anakuchorea mfuko wa uzazi na mirija yake na kuweka majina yote. Nikamuuliza siku zake za mwisho zilianza lini, hajui. Nikamuuliza akipewa shilingi 20,000 za wiki atazigawaje, akacheka.

Maswali yangu ni mawili. Kuna mtu hapa amewahi kufanikiwa kuingiza uzazi wa mpango kwenye bima ya kazini? Na binti wa miaka 15 mnamfundisha nini, kwa maneno gani?

mzee_wa_kihonda

Dada yangu, pole kwa upasuaji na hongera kwa mtoto. Nitasema ninavyoona, usinichukulie vibaya.

Bima ni mchango wa wote. Mimi ni mtu mzima wa miaka 58, nakatwa kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa. Mimba si ugonjwa, na kutotaka mimba pia si ugonjwa, ni uamuzi wa watu wawili ndani ya nyumba yao. Wakiamua wao, walipe wao. Na huduma iko bure serikalini, umesema mwenyewe.

Kuhusu binti, naogopa. Ukimweleza njia za kuzuia, umemfungulia mlango. Sisi wazee wetu hawakutwambia kitu na tumelea familia. Mfundishe kupika, kufua, heshima na swala au sala. Hizo ndizo stadi za maisha.

fundi_wa_kola

Shikamoo baba. Sijakuchukulia vibaya, umesema kwa adabu na nitajibu hivyohivyo.

Kuhusu bure. Siku ile ya bure ilinigharimu nusu siku ya kazi, bodaboda 4,000 kwenda na kurudi, na nimerudi mikono mitupu. Nikienda tena nitakatwa tena. Zahanati inafunguliwa wakati na mimi niko kwenye mashine, inafungwa kabla sijatoka. Laini yetu ina wanawake zaidi ya sitini, na wengi wetu tuko hivyo.

Kuhusu kwamba si ugonjwa. Baba, chanjo ya kichanga wangu nayo haitibu ugonjwa, inauzuia usije, na hakuna anayeuliza kwa nini mtoto mzima achanjwe. Mimi presha yangu ya mimba ni ugonjwa, imeandikwa kwenye faili. Nikipata mimba mwakani, mchango wako na wangu ndio utakaolipa upasuaji wa pili, na huenda na chumba cha wagonjwa mahututi. Kama unauonea uchungu mchango wako, vijiti vinakutunzia.

Na kuna jambo nimelisoma kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi alinipa nakala. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa pacha, na inahesabiwa ndani ya mzunguko wa miezi 36. Tena mwajiri analazimika kulipa likizo hizo mara nne tu kwa mfanyakazi mmoja. Mara ya tano mfanyakazi hadai wala mwajiri hadaiwi. Maana yake sheria imeshaingia chumbani kwangu na kuhesabu. Imepanga kwamba niachanishe watoto miaka mitatu na nisizidi wanne kama nataka mshahara wangu. Halafu nikitafuta kifaa cha kutimiza hesabu hiyo naambiwa ni faragha yangu.

Kuna kijiti kimoja kinachokaa mkononi miaka mitatu. Miezi 36 kamili.

nesi_zamu_ya_usiku

Dada fundi, mimi ni muuguzi mkunga, nipo Dodoma, miaka kumi na moja kliniki ya mama na mtoto. Ngoja nikupe la haraka kwanza, ubishi wa bima baadaye.

Usikae bila kinga ukisubiri vijiti. Kama mtoto ananyonya maziwa yako tu, usiku na mchana, hajafika miezi sita, na wewe hujaona damu ya mwezi tangu ujifungue, hayo matatu yakiwa pamoja yanakukinga vizuri sana. Moja likivunjika, kinga imevunjika. Wewe unarudi kazini, unaacha mtoto saa tisa au kumi. Kama huko nyumbani anapewa uji au maziwa ya kopo, usijihesabu tena, tumieni kondomu hadi upate vijiti. Na ujue sheria hiyohiyo ya kazi inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.

Vijiti viko vya aina mbili hapa kwetu. Kimoja kinachokaa miaka 3, na viwili vinavyokaa miaka 5. Vinawekwa chini ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, kwa ganzi, dakika chache. Havina ile homoni iliyomtia wasiwasi daktari wako, kwa hiyo mwenye presha anapewa. Vinafaa pia kwa anayenyonyesha. Usidanganywe kwamba havitabadilisha damu. Vinaweza. Wengine hupata matone, wengine damu hukata kabisa. Tofauti na sindano ni kwamba vikikushinda vinatolewa siku hiyohiyo, wakati sindano ukishachomwa huwezi kuichomoa, lazima iishe. Na kama unatumia dawa za kifua kikuu, za kifafa au baadhi ya dawa za VVU, sema kabla, kwa sababu zinapunguza nguvu yake.

Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa na kinakaa miaka 10 au zaidi. Kifikirie, usikiogope kwa maneno ya mtaani. Hakipandi kwenda moyoni. Nimeulizwa hilo mara nyingi, na ninajibu kila mara kwa sababu anayeuliza ana hofu ya kweli.

Sasa vijiti utavipata wapi. Uliza zahanati siku ya huduma mkoba. Timu za huduma mkoba huja na vifaa na watoa huduma waliofundishwa, na mara nyingi wanakwenda Jumamosi. Mganga mfawidhi anayo ratiba. Muulize pia ni kituo gani cha jirani kilichobaki na akiba, maana kituo kimoja kikiishiwa kingine kinaweza kuwa nacho. Tafuta alama ya nyota ya kijani ukutani.

Na kwa yeyote anayesoma: hakuna sheria inayomtaka mwanamke alete barua ya mume ili apewe njia. Tunapenda waje wawili, tunawapokea vizuri wakija wawili. Lakini akija peke yake hatumrudishi, na ukirudishwa kwa sababu hiyo mwone mfawidhi.

Mzee wa Kihonda, shikamoo. Baba, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wameshapata mimba. Mimi nawapokea hao. Karibu kila mmoja akifika namuuliza alijua nini kabla. Jibu ninalolisikia zaidi ni, "Nilisikia mara ya kwanza hushiki." Mlango unaouogopa mtu mwingine ameshaufungua, na aliyeufungua alikuwa na maneno mengi kuliko mama yake.

somo_wa_pangani

Wanangu, hamjambo. Mimi nimezaliwa Pangani, umri wangu unapita sabini, anayeniandikia ni mjukuu wangu.

Mwanangu wa Kihonda kasema wazee hawakutuambia kitu. Labda wanaume hawakuambiwa. Sisi tuliambiwa. Mwali alipoingia mwezini hakuambiwa na mama yake mzazi, kwa haya iliyopo kati ya mama na mwana. Aliitiwa somo, mwanamke wa kumfunda. Mimi somo yangu alikuwa mke wa mjomba. Nilikaa ndani, nikafundishwa kujisitiri, kufua vitambaa na kuvianika juani wala si uvunguni, kuhesabu mwezi kwa mwezi, kumjua mwanamume mwenye nia na asiye na nia kwa maneno yake. Nilifundishwa hata kuweka akiba ya kibaba cha mchele kila nikipika. Unachota kibaba, unarudisha gao. Mwezi ukiisha una chakula cha siku tatu ambacho mume hajui.

Nami baadaye nimekuwa somo wa wasichana kumi na wanne. Nasema haya ili mjue ninakipenda nilichofundishwa. Lakini sikipendi chote. Tulifundishwa kuvumilia mengi ambayo hayakuwa ya kuvumiliwa, na wengine walitolewa ndani wakaenda moja kwa moja kuolewa, kifua hakijajaa. Hilo la kuvumilia nililiacha nilipokuwa somo mwenyewe. Mwali wa mwisho nilimwambia: akikupiga, rudi.

Na hilo la kupanga watoto si geni wala halikuletwa na meli. Kitabu chetu kinataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza. Masahaba walifanya azli, yaani kumwaga nje, na Mtume yu hai, masheikh wetu walitusomea hadithi hiyo barazani. Bibi zetu mume alihama kitanda hadi mtoto atembee. Dunia imebadilika, mume hahami tena, basi mwacheni mke achukue hivyo vijiti.

Fundi, kwa binti yako: mtungie shanga. Shanga moja siku moja. Nyekundu moja kwa siku ya kwanza ya damu, nyeupe kwa zilizobaki. Asubuhi anasogeza uzi. Baada ya miezi mitatu atajua mwili wake kama anavyojua njia ya shule.

nesi_zamu_ya_usiku

Bi mkubwa, shikamoo. Hizo shanga ulizosema tunazo kliniki, na tunazitumia hasa hivyo. Mwanamke ambaye mzunguko wake hauchezi nje ya siku 26 hadi 32 anahesabu kutoka siku ya kwanza ya damu, na siku ya 8 hadi ya 19 ndizo za hatari.

Naomba niongeze onyo moja kwa ajili ya binti. Miaka ya mwanzo mzunguko wa msichana unayumba, leo siku 24, mwezi ujao 40. Kwa hiyo shanga zimsaidie kujijua, kujiandaa na pedi, kugundua kama kuna kasoro. Zisiwe kinga yake.

mwl_stadi

Nimesoma yote. Nafundisha sekondari ya kata mkoani Tanga, uraia na kiswahili, na nimepewa klabu ya stadi za maisha kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nitaeleza ninachofanya Ijumaa mchana, dada fundi utachukua kinachokufaa.

Mwanzoni nilikuwa nasoma mwongozo. Kujitambua, kujiamini, kufanya maamuzi sahihi. Wanafunzi waliandika, wakapigia mstari, hakuna aliyeuliza swali. Muhula wa pili nikaufunga ule mwongozo, nikaleta karatasi ya mshahara ya mfanyakazi halisi, jina nimelifuta. Mshahara ghafi, NSSF asilimia 10, kodi, bima, mkopo, kinachobaki mkononi. Darasa liliamka. Mvulana mmoja aliuliza kama yule mtu ameibiwa.

Kisha nikawagawa wawiliwawili, mvulana na msichana, kila jozi nikaipa shilingi 300,000 za mwezi, chumba kimoja cha kupanga na mtoto wa wiki moja. Waandike matumizi. Nisingeweza kubuni mabishano niliyoyasikia. Walisahau mkaa. Walisahau sabuni ya kufulia nepi. Jozi moja walitenga 5,000 za mtoto kwa mwezi, nikawauliza nauli ya kliniki iko wapi, mafuta ya kupaka yako wapi, akiugua usiku wa manane bodaboda atalipwa nini. Kijana aliyekuwa anajigamba kwamba yeye atazaa timu nzima ya mpira aliweka kalamu chini akasema, "Mwalimu, huyu mmoja anatumaliza." Sikuongeza neno. Ijumaa iliyofuata yeye ndiye aliyeuliza watu wanafanyaje wasizae kabla hawajajipanga, na nilimleta muuguzi wa kituo cha afya akajibu.

Wavulana nawafundisha kushona kifungo, kupika ugali na mboga, na kufua taulo za kike za kitambaa. Ndiyo, wavulana. Siku ya kwanza walikataa kuzigusa. Nikawaambia nina mabinti wawili na nilizifua mama yao alipolazwa. Wakazigusa.

Mzee wetu wa Kihonda ametaja kupika na kufua kwa mabinti. Nakubaliana naye nusu. Nusu ninayoikataa ni ile ya mabinti peke yao.

Na tusisahau tulikotoka. Hadi juzi msichana akipata mimba alifukuzwa, na mvulana aliyempa akabaki anafanya mtihani. Novemba 2021 ndipo wizara ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi shule baada ya kujifungua. Mimi nimepokea wanne tangu hapo. Mmoja ananyonyesha wakati wa mapumziko, mama yake anamleta mtoto hadi chini ya mwembe karibu na geti.

fundi_wa_kola

Mwalimu, umenikumbusha mtu. Mwaka 2004 nikiwa kidato cha tatu, tulipimwa mimba sote kwa kupangwa mstari, tukapewa vikopo. Mwenzangu tuliyekaa dawati moja, ambaye ndiye aliyekuwa akinieleza hesabu, hakurudi darasani. Begi lake lilikaa siku mbili pale dawatini kabla mdogo wake hajalifuata. Leo anauza vitumbua stendi na nikipita ananipa kimoja cha bure. Hesabu zake bado ni kali, chenji anairudisha kabla hujamaliza kutoa noti.

Hakuna aliyekuwa ametuambia chochote, mimi wala yeye. Nilinusurika kwa bahati tu.

ohio_columbus

Naongea kutoka Marekani, nafanya kazi ya kutunza wazee. Dada, usife moyo, hata huku walipigana. Sheria ya bima ya afya ilisainiwa Machi 2010, na kuanzia Agosti 2012 mipango mipya ya bima ikalazimika kulipia njia za uzazi wa mpango bila mwanachama kuchangia. Waajiri wengine wakaenda mahakamani kwa sababu za dini, na Juni 2014 Mahakama ya Juu ya huku ikakubaliana nao kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba kampuni ya familia yenye imani inaweza kujitoa. Nje ya mahakama mabishano yalikuwa haya haya ya mzee wa Kihonda: kwa nini nilipie mwingine.

Mimi mwenyewe nimewekewa kitanzi 2019. Sikulipa senti. Nilichojifunza ni kwamba haikuja kwa huruma ya kampuni za bima. Iliandikwa kwenye sheria. Huko nyumbani Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023. Kitita cha huduma ndicho cha kukisoma, na ndicho cha kukipigania.

mzee_wa_kihonda

Nimesoma yote, nimerudia ya bibi wa Pangani mara mbili.

Bado naona mwajiri asiingizwe katika kila jambo. Lakini ile ya likizo nne na miezi 36 sikuijua, na sina jibu nayo. Nina mabinti watatu, wawili wameolewa. Yule mdogo yuko kidato cha nne. Mama yao alifariki 2016. Kwa hiyo hilo la mama kumwita binti jikoni kwangu halipo, na mimi nimekuwa nikijiambia kwamba dada zake watamwambia. Sijui kama walimwambia.

Nesi, mzazi wa kiume akimleta binti kliniki ili aelezwe tu, si kupewa kitu, mnampokea?

nesi_zamu_ya_usiku

Tunampokea baba, na usione haya kukaa kwenye benchi pamoja na kina mama. Kuna huduma rafiki kwa vijana kwenye vituo vingi, ulizia siku yake. Binti ataingia peke yake azungumze na mtoa huduma, wewe utasubiri nje. Mkitoka usimhoji. Mnunulie soda, mrudi nyumbani, siku akitaka kusema atasema.

mzee_wa_kihonda

Asante mwanangu. Nitafanya hivyo.

fundi_wa_kola

Narudi baada ya wiki mbili, niliwaahidi wengine kwa ujumbe wa pembeni kwamba nitaeleza.

Vijiti nimepata. Nesi wa Dodoma, ulikuwa sahihi. Mfawidhi wa zahanati alinipa ratiba ya huduma mkoba, wakaja Jumamosi iliyopita. Nilikwenda na mume wangu. Alikaa nje na kichanga, na nilipotoka mkono umefungwa bandeji aliniuliza kama naweza kumbeba mtoto au aendelee yeye. Aliendelea yeye hadi nyumbani. Nimechagua kile cha miaka mitatu. Kadi imeandikwa tarehe ya kukitoa, 2028. Binti atakuwa amemaliza kidato cha nne.

Shanga nilinunua sokoni, pakiti 1,500, nikatunga mwenyewe kwa uzi wa kiwandani, ule wa kushonea kola, haukatiki. Nilimkalisha binti kitandani nikamweleza kila kitu nilichoeleza hapa na vingine ambavyo sikuvieleza. Sauti ilinitetemeka mwanzoni. Nilimweleza habari ya yule mwenzangu wa vitumbua, na binti akaniambia huwa ananunua kwake kila siku akienda shule na hakujua. Tangu Jumatatu namwona anampa shikamoo na kusimama naye kidogo. Mvulana wa darasa la tatu naye nimempa kazi: kila Jumamosi anafua soksi zake, na anaandika matumizi ya mkaa kwenye daftari.

Sasa bima. Na katibu wa tawi tumeandika barua ya ukurasa mmoja kwenda idara ya rasilimali watu. Hatukutumia maneno makubwa. Tumeweka hesabu: bili yangu ya upasuaji upande mmoja, bei ya vijiti upande wa pili, vifungu vya likizo chini. Tumeomba mkataba wa bima ukifika wakati wa kuhuishwa, mwezi wa kumi na mbili, uongezwe kipengele cha vijiti, kitanzi, na kufunga kizazi kwa mwanamke au mwanamume anayetaka. Tumeomba pia mwakilishi mmoja wa wanawake wa laini akae kwenye kikao hicho. Tumepata sahihi 73. Kumi na nane ni za wanaume, wengi wa chumba cha kukatia vitambaa. Meneja ameipokea na kugonga muhuri, amesema atajibu baada ya kuzungumza na kampuni ya bima.

Ninachoomba kwenu sasa: mwenye mkataba wa bima wa kiwanda au shamba lolote ambao tayari una kipengele hicho, anipigie picha ukurasa huo tu, afute jina la kampuni. Kikaoni nataka niuweke mezani.